Maneno ya Shaka katika Redio ya Polisi

Suala la kiasi cha maelezo yanayofaa kupelekwa kwa redio ya polisi aghalabu huachiwa maofisa na mafundi wa mitambo, kana kwamba lahusu mawimbi na usalama tu. Hata hivyo kiini chake ni cha lugha. Mtu apiga simu kueleza alichokiona. Mpokeaji simu aandika muhtasari. Opareta wa redio ausoma muhtasari huo hewani. Na askari walio garini watenda kulingana na walichokisikia. Usemi mmoja hupita kwa watu watatu kabla ya kugeuka kitendo, na katika kila hatua kuna linalobaki na linaloachwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lipasalo kuulizwa si wingi wa maelezo bali aina yake, na kwamba aina ipoteayo kwa urahisi kuliko zote ni ile inayoeleza msemaji ana uhakika kiasi gani.

Redio ya polisi ni njia nyembamba. Asemapo mmoja, wengine wote katika mkondo huo hunyamaza, na mwenye kuhitaji msaada wa haraka hana budi kungoja. Ndiyo sababu polisi wa Marekani, ambako redio za magari ya doria zilianza kufanya kazi mjini Detroit mwaka 1928, walibuni katika miaka ya 1930 misimbo ya tarakimu inayotanguliwa na kumi. Msimbo 10-4, kwa mfano, una maana kwamba ujumbe umepokelewa. Ni jambo la kufurahisha kwa mwanaisimu kwamba hiyo "kumi" haikubeba maana yoyote. Mitambo ya siku zile ilichukua muda kidogo kupata nguvu baada ya kubonyezwa, na silabi za mwanzo zikawa zinapotea; ikaonekana heri lipotee neno lisilo na kazi. Misimbo ilifupisha usemi, lakini vikosi mbalimbali vilijiundia yao, hata tarakimu moja ikawa na maana mbili kwa majirani wawili. Kuanzia mwaka 2006 serikali ya shirikisho ilifungamanisha misaada yake na matumizi ya lugha ya kawaida katika matukio yanayokusanya vikosi vingi.

Kuna pia wasikilizaji wasiokusudiwa. Mnamo Oktoba 2020, Idara ya Sheria ya California iliviagiza vikosi vya jimbo hilo ama kuyafumba mawasiliano yao, ama kuweka utaratibu wa kutotaja hewani habari za kumtambulisha mtu, kama vile jina lake pamoja na namba ya leseni. Mji wa Palo Alto uliifumba redio yake mwaka 2021, ukaifungua tena mwaka 2022. Katika jambo hili uamuzi si mgumu sana. Jirani aliye na redio hana haja na namba ya leseni ya mtu, na askari aihitajiye aweza kuipata kwa njia nyingine pasipo kazi kuharibika.

Ugumu wenyewe unadhihirika katika kisa cha Cleveland, Ohio, cha tarehe 22 Novemba 2014. Mtu mmoja alipiga simu akieleza kwamba katika bustani ya kuchezea yupo mtu mwenye bastola anayewaelekezea watu. Alisema kwamba bastola hiyo pengine ni ya bandia, akalirudia jambo hilo, na akaongeza kwamba mwenyewe huenda ni mtoto. Mpokeaji simu alimuuliza zaidi ya mara moja iwapo mtu huyo ni mweusi au mweupe. Muhtasari uliofika hewani ulitaja mwanamume mweusi aliyeketi kwenye bembea, ukaieleza kofia yake, ukaeleza rangi ya koti lake na hata ya mikono ya koti hilo, na kusema kwamba anachomoa bastola na kuwaelekezea watu. Yale ya bandia na ya mtoto hayakutajwa. Katika muda wa sekunde mbili hivi baada ya gari la polisi kufika, Tamir Rice, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa amepigwa risasi. Alifariki siku iliyofuata. Alichokuwa nacho kilikuwa bastola ya kuchezea. Desemba 2015 baraza la mahakama lilikataa kuwashtaki askari wale. Mwaka 2017 mpokeaji simu alisimamishwa kazi kwa siku nane.

Haiwezekani kudai kwamba ujumbe ule ulipungukiwa na maelezo. Kofia ilipata nafasi yake. Kilichoondolewa ni maneno mawili au matatu ya shaka, na kuondolewa kwake kuliigeuza dhana ya mpiga simu kuwa tamko la polisi. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alitenganisha kanuni ya kiasi, yaani kusema yatoshayo bila kuzidi, na kanuni ya ukweli, yaani kutosema lile ambalo msemaji hana ushahidi nalo wa kutosha. Mwandika muhtasari aliye mbioni huitii ile ya kwanza kwa kuivunja ya pili. Kwake "pengine" huonekana kama pambo la usemi, ilhali ndilo lililobeba ushahidi.

Wapo watakaojibu kwamba askari akiambiwa silaha ni ya bandia atazembea, na siku moja itakuwa ya kweli. Hoja hiyo ina uzito, lakini yachanganya shaka na hakikisho. Kusema "mpiga simu adhani ni ya bandia" si kusema ni ya bandia. Ni kumkabidhi askari hali ileile ya kutojua aliyokuwa nayo shahidi, ili asimamishe gari mbali na atazame kwanza.

Lau ripoti kama hiyo ingetolewa kwa Kiswahili, baadhi ya matatizo yangepungua na mengine kuzidi. Kiambishi "a-" hakisemi kama ni mume au mke, kwa hiyo opareta angelazimika kuuliza. Lugha yenyewe ina utajiri wa maneno ya kupimia uhakika: huenda, pengine, yaelekea, yasemekana, yadaiwa, na ni wazi kwamba "yasemekana" humwondolea msemaji dhamana, ilhali "yaelekea" humwachia sehemu yake. Tatizo kubwa lingekuwa neno "kijana". Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafikia 35. Katika mazungumzo ya kila siku hata mvulana wa miaka 12 huitwa kijana. Opareta asemaye "kijana ana bastola" hajakosea kisarufi, na askari wawili wanaomsikia waweza kujiandaa kukutana na watu wawili tofauti kabisa. "Mtoto, yaelekea, ana kitu kinachofanana na bastola, mpiga simu adhani ni cha bandia" ni maneno 13, nayo yasemeka kwa pumzi moja.