Je, Wajua? Maksai Aliyebeba Historia

Je, wajua kwamba Mturkana anaweza kuitwa kwa jina la maksai wake? Kijana huchagua dume mmoja, humkunja pembe zingali changa, humtungia wimbo. Wenzake humwita "Apa", yaani baba, na kuongeza sifa ya mnyama: rangi au mkunjo wa pembe. Katika ngoma ya edonga huinua mikono kuigiza pembe hizo. Wimbo humsifu ng'ombe, lakini ndani mna malisho, marafiki, mapigano na njaa. Kwangu huo ni wasifu kamili wa mtu.

Je, wajua kwamba miaka ya Turkana ina majina? Ukame wa 1979 hadi 1981 uliitwa Lopiar, yaani uliofagia kila kitu. Mama wa Nawoitorong, Lodwar, akisema mwanawe alizaliwa Lopiar, ametaja tarehe na msiba kwa neno moja.

Je, wajua kwamba Nayece, mwanamke anayesimuliwa kuwa chimbuko la Waturkana, alitoka kwa Wajie wa Uganda akafika bonde la mto Tarach? Mto huohuo hupita Kakuma.

Je, wajua kwamba Jomo Kenyatta alizuiliwa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961? Miaka michache baadaye, serikali yake ilimfunga mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa kwa kuandika kijikaratasi "Kenya: Twendapi?" Gerezani alitunga mashairi kwenye karatasi za msalani. Yakawa "Sauti ya Dhiki" (1973), na 1974 yakapata tuzo yenye jina la Kenyatta.

Je, wajua hili la Kakuma, linalonigusa kuliko yote? Msaada wa Kisovieti ulipokauka na Mengistu, mtawala wa Ethiopia, akaanguka Mei 1991, maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wamekimbilia Ethiopia walitimuliwa tena. Walifika Kenya 1992, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikaanzishwa. Wengi wao walikuwa Wadinka, na Mdinka naye humwimbia maksai wake na kubeba jina lake, sawa na Mturkana mwenyeji. Wenyeji na wakimbizi waliogombania kuni na maji walikuwa na sanaa moja.

Msomaji wa Lodwar na Kakuma, simu unayo mfukoni. Mzee wako angali hai? Mrekodi wimbo wa maksai wake wiki hii.