Hoja za fikihi zilivyomwokoa Amina Lawal na kifo cha mawe

MNAMO Machi 2002, mahakama ya Sharia katika mji wa Bakori, jimbo la Katsina kaskazini mwa Nigeria, ilimhukumu Amina Lawal kupigwa mawe hadi afe. Kosa lake lilikuwa kuzaa mtoto ilhali alikuwa ametalikiwa. Mwanamume aliyetajwa kuwa baba wa mtoto huyo alikana, akaachiliwa kwa kuwa hapakuwa na mashahidi wanne walioshuhudia zinaa. Kwa mwanamke, mimba ilihesabiwa kuwa ushahidi tosha. Kwa mwanamume, kukana kulitosha.

Kesi hiyo iliitikisa dunia. Barua za malalamiko zilimiminika Abuja kutoka kila pembe, na viongozi wa mataifa ya Magharibi wakatoa kauli za kulaani. Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba Mei 2003, wanaharakati wa shirika la wanawake la BAOBAB nchini Nigeria, wakiongozwa na msomi Ayesha Imam, waliandika waraka wa wazi wakiwasihi walimwengu waache kusambaza barua hizo.

Ili kuelewa sababu yao, yafaa kurejea nyuma kidogo. Nigeria ilitoka katika utawala wa kijeshi Mei 1999. Oktoba mwaka uo huo, gavana wa jimbo la Zamfara, Ahmad Sani Yerima, alitangaza kwamba jimbo lake lingefuata Sharia hata katika makosa ya jinai. Majimbo mengine ya kaskazini yaliiga, hadi yakafika 12. Raia wengi waliochoshwa na ufisadi na ujambazi walishangilia, wakiamini kwamba hatimaye wakubwa wangeadhibiwa sawa na wadogo. Waliotangulia kuonja makali ya sheria hizo, hata hivyo, hawakuwa wakubwa. Walikuwa maskini, na miongoni mwao wanawake wa vijijini wasio na mawakili.

Msomaji wa Kenya asichanganye mambo hapa. Mahakama za Kadhi nchini, kwa mujibu wa Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, husikiza masuala ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya kibinafsi pekee, tena pale Waislamu wenyewe wanapokubali kufika mbele yake. Hazina mamlaka yoyote ya jinai. Kaskazini mwa Nigeria pia hali ilikaribia kuwa hivyo kwa miongo kadhaa kabla ya 1999.

Katika waraka wao, wanawake wa BAOBAB walitaja kisa cha msichana mmoja wa Zamfara aliyehukumiwa viboko baada ya kupata mimba nje ya ndoa. Rufaa ilikuwa ikiandaliwa. Barua za ng'ambo zilipozidi, gavana alijigamba kuwa hazimbabaishi, na Januari 2001 msichana huyo akachapwa viboko 100 kabla ya siku iliyokuwa imepangwa. Aidha, barua zilizosambazwa kumhusu Amina zilijaa makosa. Zilidai kwamba Mahakama ya Juu ya Nigeria ilikuwa imeidhinisha hukumu na tarehe ya kumuua imewekwa, wakati ambapo rufaa yake ilikuwa bado katika mahakama ya jimbo.

Hoja kuu ya waraka huo ilikuwa nzito zaidi ya hizo. Wanaoutangaza Uislamu wote kuwa dini katili, walisema wanawake hao, huwapa wanasiasa wa itikadi kali silaha wanayoitafuta. Mwanasiasa wa aina hiyo husimama mbele ya umma na kudai kwamba anaitetea imani dhidi ya makafiri, na yeyote anayempinga nyumbani huitwa kibaraka. Mwanamke anayetetewa ndiye hubaki kijijini akikabili hasira za majirani.

Basi watetezi hao walichagua njia ya polepole: rufaa ndani ya mahakama zenyewe za Sharia, kwa lugha ya fikihi. BAOBAB na shirika la WRAPA walishirikiana na mawakili, akiwemo Hauwa Ibrahim, ambaye baadaye, mwaka wa 2005, alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Waliwaendea wanazuoni na kufukua vitabu vya kale. Walionyesha kwamba hata hoja ya mimba kuwa ushahidi ina mizizi katika madhehebu ya Maliki, yanayofuatwa Afrika Magharibi, wala si kauli ya Waislamu wote. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hayakubali mimba pekee imtie mtu hatiani.

Na ndani ya Maliki mwenyewe walipata ngao. Wanazuoni wake wa kale walishikilia kwamba mimba inaweza kulala tumboni kwa miaka kadhaa, na kwa hivyo mtoto wa mtalaka huweza kuhesabiwa kuwa wa mume wa awali. Daktari wa leo atacheka. Lakini wanazuoni waliounda kanuni hiyo walijua walichofanya: ilikuwa mlango wa kumnusuru mwanamke na adhabu na mtoto na aibu ya kukosa baba.

Machi 2002, Safiya Hussaini aliachiliwa na mahakama ya rufaa ya Sokoto, iliyokubali kwamba sheria aliyohukumiwa kwayo haikuwa imeanza kutumika wakati wa tendo alilodaiwa kulifanya. Septemba 25, 2003, Mahakama ya Rufaa ya Sharia ya Katsina ilimwachilia Amina Lawal kwa uamuzi wa majaji wanne dhidi ya mmoja. Ilisema kwamba kesi ya Bakori iliendeshwa na hakimu mmoja badala ya watatu, na kwamba mshtakiwa hakupewa nafasi ya kutosha kujitetea.

Si watetezi wote wa haki za wanawake wanaoridhika na njia hiyo. Marieme Hélie-Lucas, msomi wa Algeria aliyeasisi mtandao wa wanawake wanaoishi chini ya sheria za Kiislamu mnamo 1984, aliishia kusisitiza kwamba dola isiyoegemea dini ndiyo kinga ya kweli ya mwanamke. Wenye msimamo huo huuliza: ukishinda kwa kanuni ya mimba iliyolala, je, hujakubali kwamba mahakama hiyo ina haki ya kumhukumu mwanamke kwa sababu ya mimba? Upande wa pili, kama vuguvugu la Musawah lililozinduliwa Kuala Lumpur mwaka wa 2009, hushikilia kwamba fikihi ni kazi ya binadamu, na kilichoandikwa na wanaume wa karne zilizopita chaweza kusomwa upya na wanawake wa karne hii.

Swali hilo la kwanza ni gumu, na ushindi wa Katsina haukulijibu. Amina alipona kwa sababu ya dosari za utaratibu. Adhabu ya mawe ilibaki katika vitabu vya sheria. Wala Yerima hakutoweka. Aliingia Seneti, na Julai 2013 maseneta walipopiga kura kufuta kipengele cha katiba kinachomhesabu msichana yeyote aliyeolewa kuwa mtu mzima katika suala la kuukana uraia, alisimama akadai kuwa hatua hiyo inakiuka Uislamu. Kura ikarudiwa. Mara hii haikufikia thuluthi mbili, na licha ya kampeni kubwa ya wanawake, kipengele hicho, 29(4)(b), kikasalia katika katiba.