Uongo wa Hadithi na Uongo wa Beseni

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa habari za mashujaa. Nani asiyemjua Fumo Liyongo, yule ambaye hakuna silaha iliyomweza ila sindano ya shaba ya kitovuni? Muhammad Kijumwa alizitungia habari zake utenzi mwaka 1913, na kabla yake na baada yake bibi zetu wamezisimulia usiku. Wala hatukuuliza ngozi ya Liyongo ilikuwa ya namna gani hata mkuki usipenye. Tulichoshika ni mpaka wa nguvu zake: sindano, shaba, kitovu. Basi.

Mashujaa wa siku hizi, wale wa vitabu vya picha na filamu za Marekani, hawaji hivihivi. Wao huja na udhuru wa sayansi mkononi. Huyu ameumwa na buibui mwenye sumu ya mionzi, yule anapata nguvu kwenye jua letu kwa kuwa kwao jua ni jingine. Miujiza ya Mitume ilikuwa kwa idhini ya Mola, nayo haiombi udhuru wa fundi yeyote. Lakini binadamu anayetunga shujaa wake kisha akasema "hii ni sayansi", huyo amejiweka mwenyewe kwenye mizani, na sisi tuna haki ya kumpima.

Jambo hili lilinikuta Majengo. Nisemayo si Majengo ya Mombasa, bali ile ya Nyeri, mtaa ambao ukisikia adhana na Kiswahili cha vibarazani utasahau kwamba uko chini ya Mlima Kenya na unahitaji sweta. Mwalimu mmoja wa madrasa alinionyesha mwanafunzi wake, mtoto wa miaka tisa, mkono umefungwa plasta. Alijifunga kanga ya mamake shingoni, akapanda ukuta, akaruka. Baadhi ya wazee sasa wanataka filamu hizo zipigwe marufuku majumbani.

"Mzee wangu," akaniambia yule mwalimu, "watoto wananiambia kuna sayansi yake. Ipo au haipo?"

Nikamjibu, "Ustadh, chembe ya kweli imo. Ndiyo maana uongo wenyewe unanoga."

Tumchukue Superman. Jerry Siegel na Joe Shuster walipomtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, hakuwa akiruka angani kama ndege; alikuwa akichupa tu, kiasi cha mita 200 kwa mchupo mmoja. Na katika ukurasa wa kwanza kabisa msomaji aliambiwa asistaajabu, kwani sisimizi hubeba mzigo uliomzidi uzito mara nyingi sana, na panzi huchupa masafa makubwa kuliko kimo chake. Sasa hayo ni kweli. Kila mtu amemwona sisimizi akiburura mende.

Hila iko hapa: sisimizi ana nguvu kwa sababu ni mdogo. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638. Nguvu ya mguu hutokana na unene wake, bali uzito hutokana na mwili mzima. Mkuze sisimizi mara 100 kwa urefu, upana na kimo. Unene wa mguu wake, ukiukata na kuupima, utakuwa umezidi mara 10,000, lakini uzito wake utakuwa umezidi mara 1,000,000. Ikiwa alikuwa akibeba mara 50 ya uzito wake, leo hata mwili wake mwenyewe umemshinda. Fundi wa Lamu hahitaji Galileo kumweleza. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina kiwango chake. Huwezi kuongeza upana wa chumba upendavyo ukatumaini dari litasimama.

Je, hadithi hiyo imeharibika? Hasha. Mtunzi mwema huomba ruhusa ya uongo mmoja, kisha yaliyobaki huyaacha chini ya kanuni. Mwaka 1973, katika kisa cha Spider-Man, msichana Gwen Stacy alitupwa kutoka juu ya daraja. Shujaa akamnasa kwa utando wake kabla hajafika majini, lakini akamvuta akiwa maiti. Wachapishaji wenyewe walieleza kwamba kilichomuua ni kule kusimamishwa ghafla. Utando tuliombwa tuukubali, tukaukubali. Mwanguko hatukuombwa tuusamehe. Wasomaji walilia, na walilia kwa sababu hesabu ilikuwa sawa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyomvunja mkono mtoto wa Majengo. Anayeruka ukuta wa mita 3 huifikia ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na kanga haipunguzi kitu.

Lakini wazee wanaoogopa filamu ningependa niwapeleke Nanyuki, safari ya kama kilomita 60 kutoka Nyeri. Pale kwenye kibao cha Ikweta husimama vijana wenye jagi na beseni lenye tundu. Wakienda hatua chache kaskazini, maji yanazunguka upande mmoja; hatua chache kusini, yanazunguka upande wa pili; na juu ya mstari wenyewe, eti yanashuka wima. Mgeni hutoa pesa, na akitaka huuziwa cheti.

Hapa pia chembe ya kweli imo. Mfaransa Coriolis alieleza mwaka 1835 nguvu itokanayo na mzunguko, nayo ndiyo inayozipinda pepo na kuzungusha tufani kubwa za baharini. Lakini karibu na Ikweta nguvu hiyo inakaribia kuwa si kitu, na katika beseni haionekani kabisa. Mwaka 1962 profesa Ascher Shapiro huko Marekani aliweza kuiona katika maji, lakini alitumia tangi la upana wa karibu mita 2, akayaacha maji yatulie saa 24. Kijana wa Nanyuki hangoji hata dakika. Mkono wake ndio unaoyazungusha maji anapoyamimina na kugeuka.

Basi tofauti ni hii. Superman hajapata kumwambia mtu kwamba yeye yuko. Mtunzi na msomaji wamepatana tangu mwanzo. Beseni la Nanyuki halina mapatano. Linajiita kweli na kuchukua pesa.

Marufuku haitamfundisha mtoto kutenganisha hayo mawili. Nilimshauri yule ustadh awape wanafunzi wake beseni, wayaache maji yatulie, wazibue tundu mara ishirini na kuandika kila mara yamezunguka upande gani. Majengo iko kusini ya Ikweta. Kama maneno ya Nanyuki ni kweli, mara zote ishirini yatakwenda upande mmoja. Mtoto atakayeona kwa macho yake kwamba sivyo, huyo mwacheni atazame filamu yake kwa raha. Akimaliza atashuka ukutani kwa ngazi.