Kwa Nini Mwenye Nyumba Hawezi Kubadili Dirisha Lake: Mfano wa Locronan

Locronan ni kijiji kidogo cha Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Katikati yake pana uwanja uliosakafiwa kwa mawe, na pembeni kanisa la karne ya 15. Nyumba zinazouzunguka uwanja huo ni za matale, lile jiwe gumu la kijivu. Baadhi yake zina mtindo wa Renesansi, yaani kipindi ambacho wasanii wa Ulaya waliirudia sanaa ya Wagiriki na Warumi wa kale. Utautambua kwa madirisha yaliyopangwa kwa ulinganifu, mengine yakichomoza juu ya paa na kuvikwa jiwe la pembetatu. Kuchonga matale ni kazi ngumu na ya gharama. Wanakijiji walitoa wapi fedha?

Jibu ni matanga. Locronan ilifuma turubai za matanga ya meli kwa nyuzi za hempi, mmea wa jamii ya bangi (wanafunzi wangu hucheka hapa, lakini huu ulilimwa kwa ajili ya kamba na nguo). Katika karne ya 16 na ya 17 biashara hiyo ilistawi, na wafanyabiashara wakajenga kando ya uwanja. Kisha miji mingine ikaleta ushindani, na kufikia karne ya 18 biashara ilikuwa imefifia.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Huandika kwamba nyumba zilidumu kwa sababu ni imara. Uimara ulisaidia, lakini hata nyumba imara hubomolewa mwenyewe akiwa na fedha za kujenga mpya. Locronan fedha hizo hazikuwapo tena.

Ulinzi wa kisheria ulikuja baadaye. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1913 iliweka ngazi mbili za ulinzi wa majengo ya kihistoria. Jengo la ngazi ya juu halibomolewi, halihamishwi wala halikarabatiwi bila kibali cha serikali, hata likiwa mali ya mtu binafsi. Mwaka 1943 ulinzi uliongezwa hadi mita 500 kuzunguka jengo. Katika kijiji kidogo, umbali huo humgusa karibu kila jirani.

Sasa mfikirie mwenye nyumba. Mvua ya Atlantiki imeozesha dirisha lake la mbao. La plastiki ni rahisi zaidi, lakini haruhusiwi kuliweka kabla ya kupata kibali. Serikali huweza kuchangia ukarabati. Sehemu inayobaki ni ya mfuko wake. Kwa upande mwingine, uwanja uleule huleta watalii, na mwongozaji Roman Polanski aliutumia katika filamu yake Tess ya mwaka 1979.

Ukiulizwa “Jadili faida na hasara za kuhifadhi majengo ya kale”, usimsahau huyu mwenye dirisha. Wengi huandika habari za watalii peke yao, na hoja za upande wa pili hubaki tupu.