Mshipa wa Damu si Bomba la Maji

Kwa miaka mingi nilipofundisha bayolojia nilichora ubaoni bomba lililozibwa na mafuta, nikawaambia wanafunzi kwamba hivyo ndivyo ateri inavyoziba. Leo nakiri kwamba mchoro ule ulikuwa nusu ya ukweli.

Ukuta wa ateri una uhai. Lehemu inapopenya ndani yake na kuharibika, kinga ya mwili huiona kuwa adui. Chembechembe nyeupe za damu huingia na kuimeza hadi zikafia mumo humo, na mabaki yake huziita nyingine. Askari waliokuja kulinda nyumba ndio wanaoibomoa. Utando unaofunika kidonda hicho ukipasuka, damu huganda, na misuli ya moyo hukosa oksijeni.

Rudolf Virchow wa Ujerumani aliushuku uvimbe huu tangu karne ya 19, lakini ushahidi wa wazi ulikuja mwaka wa 2017. Katika jaribio la wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupatwa na mshtuko wa moyo, dawa ya canakinumab, ambayo hutuliza uvimbe bila kupunguza lehemu, ilipunguza jumla ya mishtuko ya moyo, kiharusi na vifo vya maradhi hayo kwa asilimia 15 hivi. Hata hivyo, vifo vya maambukizi viliongezeka, kwani kinga ilidhoofishwa.

Walimu wenzangu, tusiufute mchoro wa zamani. Lehemu ingali chanzo. Tuukamilishe. Mwanafunzi akifahamu kwamba moshi wa sigara huuchochea moto huo, atakuwa na sababu ya kuukataa mapema.