Kujiandaa kwa Gredi za Piano Bila Mwalimu

Mtihani wa piano unaofanywa mbele ya mtahini wa ABRSM, bodi ya London iliyoanzishwa 1889 ambayo gredi zake hufanywa na wanafunzi wengi jijini Nairobi, una alama 150. Vipande vitatu vya muziki vinabeba 90. Skeli zina 21, kusoma nota papo kwa papo 21, na majaribio ya sikio 18. Kufaulu ni alama 100. Piga hesabu: mtu anaweza kupiga vipande vyake vyote bila dosari hata moja, apate 90 kamili, na bado aanguke.

Anayejifundisha mwenyewe hujikwaa hapo. Kutoka mitaa ya Kawangware na Kangemi hadi Lavington wapo wapiga kinanda wa kanisani, watu wazima wanaorudi jioni kutoka kazini mjini, na watoto walionunuliwa kibodi lakini karo ya mwalimu ikakosekana. Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944, iko pale pale Kenya National Theatre, lakini kuwa karibu na mwalimu si sawa na kumudu somo la kila wiki. Kipande kizuri huvuta mkono, skeli hazivuti, na hakuna wa kumkaripia mtu nyumbani kwake.

Mwalimu hutoa nini hasa? Maelezo ya vidole na nota yamejaa vitabuni na kwenye video. Anachotoa, kwa maoni yangu, ni sikio la pili. Unapopiga, akili imeshughulika na vidole na nota zinazokuja, kwa hiyo unasikia zaidi ulichokusudia kuliko kilichotoka. Yule aliyeketi kando husikia kilichotoka, na hukusimamisha.

Umuhimu wa kusimama umepimwa. Mwaka 2009 Robert Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichapisha utafiti juu ya wapiga piano 17 waliojifunza kifungu kifupi cha konseto ya Shostakovich, kila mmoja kwa muda alioutaka, kisha wakapimwa kesho yake. Wingi wa dakika haukuamua nani apige vizuri, wala wingi wa marudio. Waliong'ara nao walikosea, ila kosa lilipotokea walitafuta mahali pake hasa, wakapunguza kasi, wakalirudia hapo hapo mpaka likatoka.

Chukua fa shapu ya baa ya 12 ambayo wewe huipiga fa ya kawaida. Ukianza tena kutoka juu, umepiga baa 11 unazozijua na kulifikia kosa kwa kasi ile ile, na sasa umelifanyia mazoezi kosa lenyewe. Zitenge nota nne: mbili kabla yake, yenyewe, na moja baada yake. Zipige polepole kiasi cha kutoweza kukosea. Zikikaa, ongeza baa ya 11, kisha ya 13. Halafu jirekodi kwa simu, na usisikilize usiku huo. Sikiliza kesho, kitabu mkononi na penseli, kana kwamba ni mtu mwingine anayepiga.

Usingizi nao hufanya kazi yake. Matthew Walker na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watu waliojifunza mfuatano wa kugonga vidole waliongeza kasi kwa takriban asilimia 20 baada ya kulala usiku mmoja, bila mazoezi mengine. Nusu saa kila jioni ina faida zaidi kuliko saa tatu na nusu za Jumamosi.

Na foleni ya jioni isipotee bure. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone alichapisha matokeo ya watu waliofanya zoezi la piano la vidole vitano kwa siku tano, saa mbili kila siku, wengine wakiigusa piano na wengine wakiwaza tu. Sehemu ya ubongo inayoongoza vidole ilibadilika kwa namna inayofanana katika makundi yote mawili. Skeli ya re meja inaweza kupigwa akilini ndani ya matatu ya Kawangware, kidole kwa kidole, pamoja na pale kidole gumba kinapopita chini.

Kusoma papo kwa papo kunataka jicho litangulie mkono. Mtahini hukupa kama nusu dakika ya kuangalia, na ukishaanza usirudi nyuma kurekebisha: mapigo yakikatika unapoteza zaidi kuliko nota moja mbaya. Kitabu cha nyimbo cha kanisani chenye nota kinatosha. Soma wimbo mmoja usioujua kila siku, sauti ya juu kwanza.

Kwenye majaribio ya sikio Mkenya wa kwaya ana mtaji asioutambua. Katika jaribio mojawapo la gredi za mwanzo mtahini hupiga sentensi fupi, wewe unaiimba kama mwangwi. Aliyelelewa kwa solfa, akaimba shuleni kwenye Kenya Music Festival, mashindano yaliyoanza 1927, amekuwa akifanya hivyo tangu utotoni. Aanze maandalizi na hizo alama 18, maana sehemu yake anayo tayari.

Kibodi ya vitufe 61 vyepesi ndiyo inayonitia wasiwasi. Ndani ya piano nyundo huachiliwa kabla haijagusa uzi. Ukubwa wa sauti hutegemea mwendo ulioipa. Kidole kilichozoea springi laini za kibodi hupata taabu kupiga kwa upole kwenye piano halisi. Kabla ya mtihani, omba kanisa au shule yenye piano saa chache za kuipiga, mara nyingi kadiri watakavyokuruhusu.

Kuna jambo moja ambalo rekodi ya sauti haitakuonyesha: mabega yaliyopanda na kifundo cha mkono kilichokakamaa, ambavyo huleta maumivu ya miezi. Kwa hilo changa pesa za somo moja tu kabla ya kujiandikisha, na umwombe mwalimu akuangalie mwili unapopiga skeli.