Kodi Tatu Zamtosha Aanzaye Gitaa

Mzazi wa Jinja au Mbale amnunuliapo kijana wake gitaa, si ajabu kulikuta limetundikwa ukutani baada ya majuma machache. Kosa si la gitaa. Mwanafunzi amekimbilia nyimbo kabla ya kuvifunza vidole.

Wagisu wa Mbale wana litungu, nao Wasoga wa Jinja wana entongoli. Ala hizo hazina shingo ya kubonyezea nyuzi, hivyo kila uzi hutoa sauti yake moja. Gitaa lina shingo yenye vyuma vilivyolala kikingamo. Kidole kikisogea chuma kimoja kuelekea tunduni, sauti hupanda nusu hatua. Kikifika chuma cha 12, sauti ya mwanzo hurudi ikiwa juu zaidi.

Anza na kodi, si ile ilipwayo serikalini, bali sauti tatu zinazopatana, kama do, mi na so. Jifunze kodi za G, C na D: ndani yake zimo sauti zote saba za ngazi ya G, nazo hutosha kusindikiza nyimbo nyingi.

Bonyeza kwa ncha ya kidole, nyuma kidogo ya chuma. Gusa uzi mmoja mmoja. Ukikoroma, sogeza kidole karibu na chuma. Kisha hama kodi polepole, ukihesabu hadi nne bila kusita. Robo saa kila siku hushinda saa mbili za Jumamosi.

Vidole vitauma mwanzoni. Nawe mzazi, usiziite kelele: bandu bandu huisha gogo.